Kibunda cha Ugas

Kuna jambo moja ambalo hapa Kianjai hakuna mtu anapenda kulisikia, kwa hivyo naanza nalo: ile tivi ya hoteli ya Kinoti ililetwa na Ugas. Kinoti aliinunua, sawa, sikatai. Lakini kutoka Nairobi ilikuja kwa pikapu ya Ugas, imefungwa kwa blanketi la mama yake, na ni Ugas aliyepanda juu ya mabati kuzungusha antena huku sisi chini tukipiga kelele, "Rudisha! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Alishuka suruali imepasuka gotini. Akapewa chai na chapati mbili, na Kinoti akamwambia mbele ya watu wote, "Wewe Ugas, humu ndani hutalipa chai mpaka ufe." Kinoti hajawahi kupungukiwa na maneno matamu.

Mimi ni Celina Karwirwa, wengi huniita Mama Koome. Nauza majani ya migomba hapo soko la miraa, karibu kabisa na mlango wa hoteli hiyo. Nayakata shambani, nayaleta kichwani, na wanaume wanafungia miraa yao isinyauke njiani. Mti wenyewe siugusi. Huku kwetu mwanamke hapandi mti wa miraa wala hachumi. Wanasema tukiugusa unakauka. Haya, wakae nao. Lakini majani yametoka mkononi mwangu tangu nikiwa msichana, na kila anayekuja kuyachukua namjua, na mikono yake naijua.

Ugas alizaliwa hapa. Sisemi alikuja, nasema alizaliwa. Baba yake, Ahmednoor, Msomali, alikuwa dereva wa lori siku zile barabara ya Maua ilikuwa vumbi tupu. Alipanga chumba nyuma ya soko, akaoa, akakaa. Mkewe Awo aliuza maziwa mlango wa pili kutoka kwetu. Mimi na Awo tulijifungua mwaka mmoja, mimi Koome, yeye Ugas, na watoto hao walitambaa kwenye mkeka mmoja. Ugas alisoma shule yetu ya msingi, akachapwa na walimu wetu, akaibia watu wetu mapera. Kimeru chake ni cha Tigania kabisa. Mtu wa kutoka Nkubu akija hapa na Kimeru chake cha Imenti, wa kwanza kumcheka ni Ugas.

Alipokuwa mtu mzima alinunua pikapu, akawa anabeba miraa. Hiyo kazi si ya mtu mzembe. Miraa ikichelewa imekufa, kwa hivyo ikishafungwa ni kukimbia tu. Lakini huyo Ugas mwenye haraka namna hiyo, siku mke wa Mwongera aliposhikwa na uchungu wa kuzaa katikati ya soko, alishusha mzigo wote chini juani akampeleka hospitali Meru. Miraa ya siku hiyo ilikauka yote. Hakumdai mtu. Mwongera alilia kama mtoto, akasema Ugas ni ndugu yake kuliko ndugu zake.

Mwongera nimtaje vizuri, maana atarudi. Ni mkulima, ana miti mizuri ya zamani, aliyoachiwa na babu yake. Alisoma darasa moja na Ugas na Koome. Mkono wake wa kulia, kidole cha mwisho kimekatika nusu, panga la utotoni. Ugas alikuwa akimtania, "Wewe ukihesabu miraa unanipunja, kidole hakitoshi." Wanacheka wote wawili. Kila asubuhi Mwongera ndiye wa kwanza kupakia, na Ugas ndiye wa kupokea.

Sasa tivi.

Kabla ya hiyo tivi, wanaume wa hoteli ya Kinoti walikuwa wakibishana mpaka vikombe vinaruka. Nani amesogeza mpaka wa shamba, kwa nini mtoto wa fulani hajaenda shule, diwani amekula pesa za daraja au hajala. Walikuwa wakibishana juu ya vitu walivyoviona kwa macho yao. Tivi ilipokuja, ilipofika saa moja ya jioni wote kimya, shingo juu, taarifa ya habari. Ikiisha wanaanza kubishana, lakini sasa kila mtu anarudia alichosema yule mtangazaji wa tai. Mwaka wa uchaguzi wakawachukia watu wa sehemu ambazo hawajawahi kukanyaga. Wakaambiwa wasichana wa siku hizi wameharibika, wakarudi nyumbani kuchapa wasichana wao ambao hawakuwa wamefanya lolote. Hata Mzee Thuranira, mwenyekiti wa wazee wa soko, mtu aliyekuwa akiamua kesi ya mpaka kwa kuutembea kwa miguu yake kutoka jiwe hadi jiwe, akaanza kusema "imethibitishwa." Imethibitishwa na nani? Ukimuuliza anakunyooshea fimbo kwa ile tivi, juu pale kwenye rafu.

Mimi nilikuwa nikicheka. Nilidhani ni upuzi wa wanaume, utaisha.

Mwaka ule Ulaya walipoanza kusema watapiga marufuku miraa, kijana mmoja wa tivi alikuja na kamera kubwa begani. Soko zima likasimama. Alitaka kuonyesha jinsi miraa inavyofungwa na kupakiwa. Kila mtu alitaka kuonekana, Kinoti mpaka akavaa koti. Kijana akachagua pikapu ya Ugas, maana ilikuwa imeoshwa. Akamwambia Mwongera asimame hapa, ampe Ugas kibunda, Ugas akipokee. "Tena. Tena mara moja." Wakafanya hivyo wakicheka, kibunda kimefungwa kwa majani yangu, laini, ya asubuhi ile ile. Nami nilikuwa nyuma pale, nikasogeza kitambaa changu cha kichwa vizuri.

Jioni tukajaa hotelini. Wakaonyesha soko la mji mwingine. Kianjai hata jina haikutajwa. Kinoti alivua koti kwa hasira.

Miezi ikapita. Nairobi mabomu yakalipuka, watu wakafa, na hiyo haikuwa hadithi, watu walikufa kweli na sisi tulilia. Kisha misako ikaanza. Kila jioni ni Wasomali wamepangwa mstari, wamekalishwa chini, wamepandishwa malori. Kila jioni. Wanaume wanatazama wakinywa chai. Walianza kwa kusema, "Maskini, hata wanawake?" Baada ya siku kadhaa wakawa wanasema, "Lakini serikali haiwezi kushika mtu bure." Nilisikia kwa masikio yangu, nikiwa mlangoni nafunga majani yangu. Watu wale wale, kwenye benchi zile zile.

Halafu ikaja ile jioni. Mtangazaji akasema kuna magari ya mizigo yanayoshukiwa kupitisha silaha katika miji ya kaskazini na ya mlima. Na anaposema hivyo, ni nani yuko kwenye kioo? Ugas wetu. Uso wake, meno yake, shati lake la mistari. Anapokea kibunda. Anayempa hayuko, wamemkata kwenye picha, umebaki mkono tu. Mkono wa kulia, kidole cha mwisho nusu.

Mimi nikacheka. Haki ya Mungu nilicheka! Nikaingia ndani na majani mkononi nikasema, "Ai, si huyo ni Ugas! Ni ile siku ya kamera! Na hicho ni kibunda cha miraa, majani yangu hayo!"

Hakuna aliyecheka. Kinoti akachukua rimoti akaongeza sauti.

"Baite, mmeona?" akasema mtu mmoja. Baite ndivyo wanaume wetu wanavyoitana wakiwa pamoja.

"Nimeona."

"Na alikuwa akitupita hapa kila siku."

"Nyinyi mna wazimu?" nikawauliza. "Hicho ni kibunda! Mmefunga vingapi leo?"

Mzee Thuranira hata hakunigeukia. "Mama Koome," akasema, "mwanamke anajua nini juu ya miraa?"

Hebu fikirieni. Watu waliozaliwa chini ya mti wa miraa, wanaofunga kibunda gizani, macho yamefumba, bila kukosea fundo. Watu ambao ukiwaonyesha kibunda kutoka mbali watakwambia ni cha shamba la nani na kimechumwa asubuhi au jana. Wakaonyeshwa kibunda hicho hicho kwenye kioo, wakakisahau. Wakaona bunduki imefungwa kwa majani ya migomba. Bunduki gani inaenea humo? Na Mwongera alikuwa ameketi hapo hapo, kwenye benchi ya ukutani. Nilimtazama. Aliteremsha kikombe, akautia mkono wake wa kulia mfukoni.

Asubuhi Ugas akaja, amesikia tu kwamba ameonekana kwa tivi, hajui walisema nini. Jioni ile ya taarifa alikuwa safarini. Akasimamisha pikapu mahali pake, akafungua nyuma, akangoja. Wanaume wakampita na miraa mabegani wakapakia kwa magari mengine. Mwongera hakuonekana sokoni siku hiyo. Ugas akaingia hotelini akitania, "Nasikia nimekuwa staa, mbona hamniombi sahihi?" Kinoti akamwekea chai, na kabla hajaigusa akamwambia, "Lipa kwanza, waria."

Waria! Neno la kumwita Msomali usiyemjua jina, kwa mtu aliyeitwa Ugas tangu siku ya kwanza ya maisha yake. Hata mimi liliniuma, na sikuitwa mimi. Ugas alilipa. Hakuinywa, akatoka.

Akaja akaketi kwenye gunia langu la majani. "Mama," akaniambia, huniita mama kwa sababu ya Koome, "wanasema nini?" Nikamweleza yote, na ule mkono pia. Akafikiri kidogo uso ukachangamka. "Basi ni rahisi," akasema. "Mwongera ataeleza." Ona moyo wa mtu. Alienda kwa Mwongera mara ya kwanza, akaambiwa hayupo. Mara ya pili mtoto akaambiwa na mamake aseme hayupo, na Ugas alimsikia yule mama akimwambia. Ni yule mama aliyepelekwa hospitali kwa hasara ya Ugas.

Yaliyokuwa mbele yake yalikuwa wazi. Wazee wa soko wangekutana, na Thuranira akisema neno moja tu, Ugas hana mzigo wala chumba wala Kianjai. Na hana kwingine. Ana mke, watoto wawili, na Awo ambaye siku hizo miguu ilikuwa imevimba, hatoki nje bila kushikwa.

Kwa hivyo akafanya kama mtoto yeyote wa hapa anavyofanya akitaka kusikizwa na wazee. Alifunga ncoolo. Hicho ni kibunda cha heshima. Ukimpelekea mzee ncoolo ameshakubali kukusikiza kabla hujafungua mdomo, iwe umekosa, iwe unataka mke. Kinapokewa kwa mikono miwili. Hakifunguliwi mbele yako, maana kukifungua ni kusema sikuamini. Hilo kila mtoto anayechunga mbuzi hapa analijua.

Hakuna aliyemuuzia miraa. Koome wangu akapanda mti wetu akamchumia. Nami nikachagua majani laini kuliko yote, sikutaka hata moja lenye doa. Ugas akafunga mwenyewe, polepole, akakaza kamba kwa meno. Kilitoka kibunda ambacho ningekipeleka hata kwa mahari ya binti yangu.

Nikamsindikiza. Kwa Mzee Thuranira tukawakuta wazee wa soko, na Kinoti, na Mwongera akiwa nyuma yao kando ya zizi. Ugas akasalimu kwa Kimeru kama inavyotakiwa, akainama, akanyoosha kibunda kwa mikono miwili.

Thuranira akarudi nyuma.

Akarudi nyuma, nawaambia! Mzee wa miaka ile, fimbo mkononi, aliruka kama amekanyaga siafu. "Weka chini hapo," akasema. "Mbali. Hapo. Sasa kifungue."

Nilidhani sikusikia vizuri. Ugas naye alibaki ameinama. "Mzee," akasema, "ni ncoolo."

"Kifungue."

Akapiga magoti kwenye ule udongo mwekundu akakata kamba. Akafungua jani moja, akaliweka kando, akafungua la pili. Wale wanaume wote wakiwa wamejibanza kwenye ua wa miti wakichungulia. Miraa ikaonekana, nyekundu, bado na umande. Kinoti akasema, "Koroga, tuone chini." Ugas akakoroga kwa vidole vyake. Chini kulikuwa na miraa.

"Umeona, mzee?" akauliza.

"Mimi nimeona," Thuranira akajibu. "Lakini watu wameona ile ya tivi."

Hapo nilishindwa kuvumilia. Niliwapita wazee wote, heshima baadaye, nikaenda mpaka kwa Mwongera. "Toa mkono mfukoni," nikamwambia. Hakutoa. "Mwongera, nimekupa majani tangu hujaota ndevu. Toa mkono uwaonyeshe wazee kidole chako!"

Akatazama chini. "Mama Koome, mikono ni mingi," akasema. "Tivi haikutaja jina langu."

"Haikutaja la Ugas pia!"

"Uso wake ulionekana. Wangu haukuonekana." Kisha akaniinamia karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, nami nilisikia harufu ya chai kinywani mwake, "Unataka wanishike mimi pia? Nina watoto." Alijua. Mwoga yule alijua tangu jioni ya kwanza, alipoteremsha kikombe.

Nikageuka nikapaza sauti, nikasema amekiri. Mwongera akakana kwa kiapo. Na Thuranira akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani kutema mate: "Kama kungekuwa na makosa, tivi ingesema." Wakaamua Ugas na watu wake wahame mpaka mambo yatulie. Wakasema ni kwa usalama wake.

Ugas alikusanya majani akayafunga tena juu ya ile miraa, vizuri, kana kwamba bado kuna mtu wa kupewa. Akanipa mimi. Sikujua nikifanyie nini, nikakipokea kwa mikono miwili.

Waliondoka kesho yake asubuhi, mchana kweupe, soko limejaa. Hakuna aliyewarushia jiwe, wanajisifu kwa hilo. Koome na Ugas walimbeba Awo mpaka kiti cha mbele, amefunikwa lile blanketi lililofunga tivi. Nikamshika mkono dirishani. Akaniuliza, "Celina, miaka hiyo yote wakinywa maziwa yangu, walidhani natia nini ndani?" Nililia hadharani, nami si mtu wa kulia. Walienda Isiolo. Huko Awo hakuona mvua nyingine. Koome peke yake ndiye aliyeenda mazikoni kutoka hapa, na aliporudi Kinoti alimuuliza kama njia ni salama.

Ulaya wakafunga soko kweli. Miraa ikakosa bei, watu wakaanza kung'oa miti. Na jioni moja, mwaka uliofuata, tivi ikaonyesha kipindi kirefu juu ya wakulima wa miraa na taabu zao, muziki wa huzuni chini yake. Nami nilikuwa mlangoni kama kawaida.

Ikaja ile picha. Safari hii nzima, haijakatwa. Mwongera huyo hapo anacheka, anatoa kibunda. Ugas huyo hapo anacheka, anapokea. Nyuma kabisa, mimi na kitambaa changu. Mtangazaji akasema wakulima na wafanyabiashara wa jamii mbalimbali wameishi hapa kwa udugu miaka mingi.

Wueh! Hoteli ililipuka kwa makofi. "Ugas wetu! Tazama Ugas wetu!" Kinoti akapiga meza akasema chai ya watu wote ni bure. Mzee Thuranira akatikisa kichwa, "Kijana mzuri sana yule. Nilisema tangu zamani." Na Mwongera, jamani, Mwongera akasimama juu ya benchi, akautoa mkono mfukoni akauinua juu watu wauone. "Huo ni mkono wangu! Mnaona kidole? Ni mimi huyo!" Wakampigia makofi. Wengine wakamshika huo mkono wakausalimia.

Nikaingia. Nikawaambia, "Mpigieni basi. Mwambieni." Nikatoa simu yangu, nikatafuta namba, ikaanza kuita, nikaiweka sauti ya juu na kumpa Mwongera. Watu wakasogea karibu, wote na tabasamu.

Ugas akapokea. Mwongera akamlilia kwa Kimeru, "Ugas, ndugu yangu! Umeonekana kwa tivi! Tumeonekana wote wawili! Watu wamejua ukweli, rudi nyumbani!"

Tukasikia gari likipita huko aliko. Halafu Ugas akajibu, na akajibu kwa Kiswahili, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuongea na Mwongera isipokuwa kwa Kimeru.

"Nashukuru, bwana Mwongera," akasema. "Na kesho saa moja watasema mimi ni nani?"

Mwongera akawatazama wenzake, akaitazama na ile tivi juu ya rafu. Bado macho yake yalikuwa kwa tivi simu ilipokatika.